Umeambiwa una homa ya ini B: sasa tulitazame ini lenyewe

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni msichana wa miaka 26, kwetu ni Arua. Niliuza cherehani yangu nikaja Kampala kupimwa ili niende kyeyo Uarabuni, kazi za nyumbani. Majibu yalipotoka, wakala akaniambia nimefeli, nina homa ya ini B, nirudi nyumbani. Hakunieleza zaidi. Siumwi popote. Shangazi yangu, aliyeolewa Kitgum na kuishi huko miaka mingi, amenitengea sahani na kikombe, na anataka kunipeleka kwa mtu wa mizizi. Kliniki moja mjini imesema nichome sindano tatu za chanjo nitapona. Mchumba wangu anauliza nimeutoa wapi. Nasikia ugonjwa huu unaua kuliko Ukimwi. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, tumbo lilimvimba, watu wakasema alilishwa sumu. Je, nitakufa? Nitazaa? Safari yangu ndiyo basi?"

Jibu:

Dada yangu, pole sana kwa jinsi ulivyopewa habari hii. Majibu ya namna hiyo hayafai kutupiwa mtu mlangoni.

Nianze na swali lako zito. Karatasi uliyopewa haisemi kwamba utakufa. Inasema jambo moja tu: katika damu yako kimeonekana kitu kiitwacho HBsAg, ambacho ni kipande cha gamba la nje la virusi vya homa ya ini B. Kikionekana, virusi vimo mwilini. Haikuambii vimo tangu lini, ni vingi kiasi gani, wala ini lako lina hali gani. Hayo matatu ndiyo yanayoamua maisha yako yatakwendaje, na yote yanapimika. Kati ya watu wazima 100 wanaoishi na virusi hivi kwa kudumu, kama 20 hadi 30 hatimaye hupata sirosisi, yaani ini kukakamaa na kujaa makovu, au saratani ya ini. Waliobaki huzeeka navyo. Kazi yetu ni kujua mapema wewe uko upande upi, kwa sababu anayeelekea kwenye sirosisi ana dawa za kumzuia asifike.

Hilo la kuua kuliko Ukimwi limetokana na habari ya kweli iliyopotoshwa njiani. Virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa urahisi zaidi kuliko vya Ukimwi, mara 50 hadi 100 kwa njia ya damu, na vinaweza kukaa hai nje ya mwili, kwenye wembe au sindano, kwa siku saba au zaidi. Lakini kuambukiza kwa urahisi si kuua kwa urahisi.

Sasa naomba turudi kwenye sentensi uliyoiandika karibu na mwisho: baba yenu alifariki akiwa na tumbo limevimba. Kwangu hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika barua yako.

Siwezi kumtambulia ugonjwa mtu aliyekwisha kuzikwa. Tumbo kujaa maji kuna sababu kadhaa, na huko kwenu kando ya Nile kichocho cha tumboni nacho hufanya hivyo. Lakini mtu mzima wa West Nile, eneo lenu hilo la Arua, anayekonda huku tumbo likijaa maji, daktari yeyote ataliwaza ini kabla hajawaza sumu. Ini likikakamaa, damu inayopaswa kupita ndani yake hukwama, shinikizo hupanda katika mishipa ya tumbo, maji huvuja na kujikusanya. Hutokea taratibu, kwa miezi, na majirani wakaanza kukumbuka mgonjwa alikula wapi mara ya mwisho. Nimeona familia zikivunjika kwa tuhuma za sumu, ndugu wasisalimiane tena hata msibani, na ugonjwa wenyewe ukaendelea kukaa ndani ya nyumba ileile bila kuguswa na mtu.

Ikiwa baba yenu alikuwa na virusi hivi, mambo matatu yanafuata. La kwanza linamjibu mchumba wako. Umri ambao mtu anaambukizwa huamua karibu kila kitu. Watoto wachanga 100 wakiambukizwa, kama 90 hubaki na virusi maisha yote. Walio kati ya mwaka mmoja na mitano, ni robo hadi nusu. Watu wazima 100 wakiambukizwa, wasiozidi watano ndio hubaki navyo. Wengine mwili huvishinda wenyewe ndani ya miezi sita. Ndiyo maana hapa kwetu mtu mzima mwenye virusi vya kudumu mara nyingi alivipata utotoni: kwa mama wakati wa kuzaliwa, au nyumbani, kwa vidonda, wembe mmoja wa kunyolea watoto wote, mswaki wa kuazimana, chale. Wewe ulizaliwa kabla ya mwaka 2002, mwaka ambao Uganda iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto. Kizazi chako hakikuipata kliniki. Na ulizaliwa upande wa nchi ulioathirika zaidi: uchunguzi wa mwaka 2005 ulionyesha kiwango cha kitaifa cha kama 10 kati ya 100, lakini Karamoja kilikaribia 24, Acholi na Lango kama 21, na West Nile zaidi ya 18. Uchunguzi wa 2016 na 2017 ulikuta wastani wa watu wazima nchini umeshuka hadi kama 4 kati ya 100. Mchumba wako akiuliza umeutoa wapi, mwambie kwamba huenda ulikuwa nao kabla hujajua hata kuandika jina lako. Hakuna kipimo kinachoonyesha nani alimwambukiza nani, na asikubali kudanganywa kwamba kipo.

La pili: mama yako, na kaka na dada zako wote waliozaliwa na kukulia nyumba ile, wapimwe. Wote, hata aliye mnene na mwenye nguvu za kubeba magunia ya mihogo. Asiye na virusi na asiye na kinga apewe chanjo mara moja: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Wizara ya Afya ilianza kuwachanja watu wazima mwaka 2015, ikianzia wilaya za kaskazini na West Nile, kwa hiyo huenda baadhi yao walichanjwa dozi moja au mbili wakaachia hapo. Hawahitaji kuanza upya, wamalizie. Lakini wapimwe kwanza.

La tatu linakuhusu wewe. Mtu mwenye virusi hivi ambaye mzazi au ndugu wa damu alipata sirosisi au saratani ya ini huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa zaidi, na katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 historia hiyo ya familia ni mojawapo ya sababu za kuanza dawa mapema. Ukikaa mbele ya daktari, usisubiri akuulize. Mwambie habari za baba. Waulize wazee kama macho yake yalikuwa ya njano, kama alitapika damu, kama alikuwa mnywaji. Kama kuna karatasi yoyote ya hospitali iliyobaki kwenye sanduku la mama, ibebe.

Kwa nini basi huumwi? Kwa sababu virusi hivi vyenyewe haviumizi sana chembe za ini. Madhara hutokea pale askari wa mwili wanapozivamia chembe zilizoambukizwa ili kuviondoa. Kwa aliyevipata utotoni, askari hao wanaweza kulala miaka 20 au 30 kisha wakaamka, na mapigano hayo ya ndani huacha kovu juu ya kovu. Ini halina hisia za maumivu ndani yake kama jino. Mtu analima, anacheza mpira, anazaa, huku kovu linaongezeka. Kwa ugonjwa huu "sisikii chochote" si kipimo, dada yangu, na naogopa sana watu wanaokiamini.

Vipimo, basi. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, ueleze kwamba umekutwa na HBsAg na unataka kufuatiliwa. Watarudia kipimo hicho. Kikionekana tena baada ya miezi sita, huitwa maambukizi ya kudumu, na kwa historia yako sitashangaa ikiwa hivyo. Utapimwa vimeng'enya vya ini viitwavyo ALT na AST, ambavyo huvuja kwenye damu ini linapoumia, na hesabu kamili ya damu, ambayo ndani yake kuna idadi ya chembe za kugandisha damu. Utapimwa pia virusi vya Ukimwi na homa ya ini C, na figo kwa kipimo cha kreatinini. Kisha picha ya ultrasaundi ya tumbo, na kipimo cha wingi wa virusi. Hiki mara nyingi sampuli husafirishwa kwenda maabara kubwa, kwa hiyo majibu hukawia. Usikate tamaa ukarudi kijijini kabla hayajafika.

Kuna hesabu ndogo ambayo ningependa kila mgonjwa wangu aijue, kwa sababu haihitaji mashine yoyote ya ziada. Inaitwa APRI. Chukua AST yako, gawanya kwa kiwango cha juu cha kawaida kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa idadi ya chembe za kugandisha damu kwa maelfu. Mfano: AST ni 60, kiwango cha juu ni 40, chembe ni 150. Sitini kwa arobaini ni 1.5, mara 100 ni 150, gawanya kwa 150 unapata 1. Kwa mwongozo ule wa 2024, mtu mzima anayezidi 0.5 anastahili dawa, hata kama wingi wa virusi haujapimwa. Anastahili pia mwenye virusi zaidi ya uniti (IU) 2,000 kwa mililita huku ALT yake imepanda. Na hapa angalia: kwa mwanamke, mwongozo huo unahesabu ALT inayozidi 19 kuwa imepanda, wakati karatasi nyingi za maabara huandika kwamba hadi 40 ni sawa. Unaweza kukutana na mhudumu anayefuata vigezo vya zamani, vilivyokuwa vikali zaidi, akakuambia bado. Usigombane naye. Mkumbushe kwa heshima historia ya baba yako, na umwombe akuandikie tarehe ya kurudi.

Ukikutwa unahitaji dawa, itakuwa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, kinachopatikana bila malipo katika hospitali za serikali zinazotibu ugonjwa huu. Nakutahadharisha mapema kwa sababu watu wengi huitupa wakifika nyumbani: dawa hii ni mojawapo ya zinazotibu virusi vya Ukimwi, na jirani akikiona kichupa atajua anachokijua. Kutumia tenofovir hakukufanyi kuwa na Ukimwi. Ila ni lazima upimwe Ukimwi kabla ya kuianza, kwani mwenye virusi vyote viwili hahitaji tenofovir peke yake. Anahitaji mchanganyiko kamili, la sivyo virusi vya Ukimwi vitaizoea dawa.

Tenofovir haing'oi ugonjwa. Virusi vya B huficha nakala yao mama ndani kabisa ya kiini cha chembe ya ini, mahali ambapo dawa zilizopo hazifiki. Dawa huzuia nakala mpya zisitengenezwe, ini likapumzika, hata makovu yakapungua kwa miaka, na hatari ya saratani ikashuka. Ndiyo maana hutumiwa kwa muda mrefu, kwa wengi maisha yote, na kuiacha ghafla ni hatari kweli: virusi hufumuka, na wapo waliopoteza ini kabisa katika mfumuko huo. Usianze kama hujajipanga kuendelea, na kikikosekana kidonge kituoni, paza sauti siku hiyohiyo.

Ukiambiwa huhitaji dawa kwa sasa, hilo nalo ni jibu zuri, mradi ulielewe. Maana yake ni kurudi kupimwa kila baada ya miezi sita hadi mwaka, kwa miaka yote ijayo. Kwa sababu ya baba yako, ningependa upigwe pia ultrasaundi ya ini kila miezi sita.

Kuhusu mizizi ya shangazi. Najua anakupenda, na simkejeli. Lakini fikiria zile hesabu za mwanzo: watu wazima 95 kati ya 100 walioambukizwa ukubwani hupona wenyewe ndani ya miezi sita. Mmoja wao akinywa mizizi katika miezi hiyo, atasimama sokoni kwa moyo mweupe aseme mizizi ilimponya, na kipimo chake kitamuunga mkono. Hata kati ya wenye virusi vya kudumu, karibu mmoja kwa 100 kila mwaka hupoteza HBsAg bila dawa yoyote. Mganga hahitaji kuwa mwongo ili apate mashahidi. Tatizo ni wewe, ambaye pengine una virusi hivi tangu utotoni: hazipo nyasi zilizoonyeshwa kuving'oa, na mizizi mingine huchoma ini lilelile tunalolilinda. Nimepokea wagonjwa walioingia kwa mganga na virusi vilivyotulia, wakatoka na macho ya njano. Mwambie shangazi unakubali maombi yake na supu yake, ila mizizi hapana.

Ile kliniki ya sindano tatu nayo uiache. Chanjo huufundisha mwili kabla virusi havijaingia. Vikishajikita mwilini, haina la kufanya. Haitakudhuru, itakula pesa zako tu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba utaondoka ukiamini umetibiwa.

Sahani na kikombe virudi kabatini pamoja na vya wengine. Nadhani najua shangazi alikotoa hofu hiyo. Kuanzia mwaka 2007 Kitgum ilipigwa na mlipuko mkubwa wa homa ya ini, watu zaidi ya 10,000 wakaugua, na waliokufa walikuwa pamoja na wajawazito wengi. Lakini ile ilikuwa homa ya ini E, inayoenea kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Aliyeona misiba ile ana haki ya kuogopa vyombo. Ya kwako ni B, na hii haipiti kwenye sahani, kijiko, kukumbatiana, kupeana mkono, choo, wala mbu. Inapita kwa damu, kwa ngono, na kwa mama kwenda kwa mtoto. Vya kutengwa ni wembe, mswaki, kikata kucha na sindano. Kidonda kifunikwe, damu ikimwagika isafishwe kwa maji ya klorini. Usitoe damu kwa ajili ya wengine.

Mchumba wako apimwe. Kama hana virusi wala kinga, achanjwe dozi zote tatu, na mtumie kondomu mpaka amalize na ikiwezekana kipimo kithibitishe kwamba kinga imeshika. Baada ya hapo mnaishi kama mke na mume wengine wowote.

Na ndiyo, utazaa. Ukishika mimba nenda kliniki mapema, useme hali yako hata kama hujaulizwa. Ikiwa virusi ni vingi, utapewa tenofovir wakati wa ujauzito ili visimfikie mtoto. Jifungulie hospitalini, si nyumbani, kwa sababu mtoto anahitaji dozi ya chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kisha zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ulizia dozi hiyo ya kwanza miezi kabla, maana kituo kikiwa hakina, unataka kujua ukiwa bado na muda wa kutafuta kwingine. Bila kinga yoyote, mama mwenye virusi vingi huwaambukiza watoto 70 hadi 90 kati ya 100. Kwa chanjo ya mapema na dawa, ni wachache sana. Kunyonyesha ni ruhusa.

Pombe uiache, waragi na bia vilevile. Ini lenye mzigo mmoja halihitaji wa pili. Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: karanga na mahindi yaliyoota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na mwenye virusi vya B akiila kwa miaka, hatari yake ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi kuliko ya mwenye kimoja tu kati ya hivyo viwili. Karanga zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zitupwe; zisitiwe kwenye odii, ile siagi ya karanga, kwa kuwa ladha itafichika. Zikaushwe juu ya turubai, si kwenye udongo mtupu. Zaidi ya hapo kula chakula cha kawaida, na usinunue virutubisho vya "kusafisha ini".

Kuhusu safari, sitakupa matumaini ya uongo. Nchi za Ghuba hupima HBsAg kwa wafanyakazi wanaoomba viza, na anayekutwa nayo hukataliwa. Dawa haitaifuta HBsAg kwa miezi michache. Watakuja watu kukuuzia kinywaji cha kusafisha damu, au majibu ya mtu mwingine yenye jina lako. Usiwape shilingi: utapimwa tena ukifika, na utarudishwa ukiwa na deni. Naona kanuni hiyo haina haki, kwa sababu kupika, kufua na kulea mtoto hakumwambukizi mtu ugonjwa huu. Hapa nyumbani hakuna sababu ya kitabibu ya kukunyima kazi yoyote ya namna hiyo, wala biashara ya chakula, wala ushonaji. Kama ile pesa ya cherehani haijaisha yote mikononi mwa wakala, mdai iliyobaki kwa maandishi, ukiwa na shahidi.

Ukiona macho yamekuwa ya njano, tumbo au miguu inavimba, unatapika damu, choo kimekuwa cheusi kama lami, au watu wanakuambia unaongea mambo yasiyoeleweka, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kwa boda ya mkopo. Vinginevyo, nenda wiki hii kwa miadi ya kawaida, na mchukue mama yako mwende pamoja. Majibu ya ALT, AST na hesabu ya damu yakitoka, niandikie namba zote tatu pamoja na kile kiwango cha juu cha maabara, tuifanye ile hesabu ya APRI pamoja.